Kutazama Picha na Kuiona



Mhariri ameniomba niandike somo dogo juu ya sinema, kwa sababu wote niliosoma nao wanajua kwamba mimi ni mpenzi wa picha tangu kidato cha pili. Nimekubali kwa furaha. Lakini yafaa nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha.

Jinsi nilivyoaibika

Nilipomaliza shule nikapata kazi Kampala, nikawa na desturi ya kutazama picha kila usiku. Siku za kazi nilitazama katika simu. Jumamosi nilikwenda kibandani, nyumba ya kuonyeshea video, ambako VJ husimulia picha za kigeni kwa Kiganda na kutia mizaha yake mwenyewe. Niliweka hesabu, nikaona kwamba katika mwezi mmoja nimetazama picha 31. Nikajivuna sana.

Wakati wa likizo nilikwenda kumwamkia baba mdogo, ambaye kwa miaka mingi amechukua ndizi kwa baiskeli kutoka shambani mpaka sokoni. Katika kompyuta yangu mlikuwa na picha ya Kiitalia iitwayo Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyotengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Mimi nilikuwa nimeitazama nusu tu nikaiacha, kisha nikawaambia rafiki zangu wanne kwamba haifai kitu: haina rangi, haina mapigano, na mambo yake huenda polepole. Baba mdogo aliposikia habari za baiskeli akasema, "Hebu tuione."

Yeye hajui Kiitalia, wala hasomi Kiingereza kinachoandikwa chini ya picha. Nikamweleza kisa kwa maneno machache, kisha nikaendelea kuchezea simu yangu. Picha ilipokwisha akaniuliza, "Umemwona yule mtu aliyepanda juu na mzigo wa mashuka?" Sikumwona. "Je, umeona yule mtoto alivyoikagua pedali asubuhi?" Sikuona. "Basi, mwanangu, ulikuwa wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Usiku ule nilianza kuitazama upya, peke yangu, na simu nimeizima.

Alichokiona baba mdogo

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa Roma, baada ya Vita Kuu ya Pili, mtu mmoja aitwaye Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Baiskeli yake ameiweka rehani. Mkewe, Maria, anavua mashuka ya vitanda vyao na kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi akibandika tangazo, mwizi anaichukua baiskeli na kukimbia nayo. Jumapili Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji mzima wakiitafuta.

Sasa angalia yale mashuka. Mfanyakazi wa nyumba ya rehani anachukua furushi la Maria, anapanda rafu ndefu, anapanda tena, na rafu zile zimejaa mafurushi ya mashuka mpaka juu. Hakuna mtu anayesema, "Mji huu una maskini wengi." Macho yenyewe yameambiwa. Kadhalika ile pedali: Bruno anaifuta baiskeli alfajiri na kugundua kwamba imebonyezwa ilipokuwa rehani. Hapo tunafahamu kwamba mtoto huyu anaijua baiskeli ile kipande kwa kipande. Ndiyo maana inapopotea, hasara si ya baba peke yake.

Mimi nilisema kwamba picha huenda polepole. Kumbe haikuwa polepole. Mimi ndiye niliyekuwa sitazami.

Mtazamaji mmoja wa Calcutta

Baadaye nilisoma habari za mtu mwingine aliyeitazama picha hiyo hiyo. Satyajit Ray alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1921. Alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara, tena mpenzi mkubwa wa sinema. Mwaka 1947 yeye na wenzake walianzisha chama cha kutazama na kujadili picha. Tena alikuwa na desturi moja ya ajabu: akisikia kwamba kitabu fulani kitafanywa picha, aliandika kwanza yeye mwenyewe jinsi ambavyo angekipanga, halafu picha ikitoka alilinganisha kazi yake na ile ya mabingwa.

Mwaka 1950 kampuni ilimpeleka London kwa miezi kadhaa. Huko alitazama picha nyingi sana, na mojawapo ilikuwa Ladri di biciclette. Aliona kwamba De Sica ametumia watu wasiokuwa waigizaji, kwani aliyeigiza Antonio alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na kwamba amepiga picha barabarani badala ya studio. Ray akakata shauri kwamba na yeye atafanya vivyo hivyo kwao Bengal. Fedha zilimwishia mara kwa mara, hata vito vya mkewe vikawekwa rehani. Lakini mwaka 1955 picha yake, Pather Panchali, ilikamilika, na leo huhesabiwa miongoni mwa picha bora za dunia.

Kwa hiyo kutazama picha nyingi si kosa, maana Ray alitazama nyingi kuliko mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliandika na kulinganisha, na mimi nilihesabu tu.

Desturi zangu za sasa

1. Natazama picha mbili kwa juma, Alhamisi na Jumapili. Simu hukaa chumba kingine.

2. Picha ikiisha, naandika nusu ukurasa kabla ya kusikia maoni ya mtu yeyote. Siandiki kwanza kama nimeipenda au sikuipenda. Naandika mambo matatu niliyoyaona kwa macho: mkono, mlango, mtu aliyesimama nyuma. Ndipo naandika maoni yangu, na kila neno la maoni nalipa ushahidi kutoka katika picha. Kusema "picha hii mbaya" bila kuonyesha mahali pabaya ni kama kumshtaki mtu bila shahidi.

3. Sehemu moja naitazama tena bila sauti, kama alivyofanya baba mdogo kwa kutojua lugha. Picha njema husema hata ikinyamazishwa.

4. Najiuliza ni nani anayesema katika picha na ni nani anayenyamazishwa. Nitatoa mfano wa huku kwetu. The African Queen ya mwaka 1951, ya John Huston, sehemu zake zilipigwa Congo na Uganda. Mto ni mzuri na waigizaji wakuu ni hodari, hilo nalikiri. Lakini wanakijiji tunaowaona mwanzoni wakiimba kanisani wanachomewa nyumba zao, kisha hadithi inawaacha na kwenda na Wazungu wawili mtoni. Linganisha na Queen of Katwe ya mwaka 2016, ya Mira Nair, inayosimulia habari za Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyekuwa bingwa wa sataranji. Humo watu wa Katwe wenyewe ndio wanaosema, wanaobishana na kuamua mambo yao.

Mtu atauliza, "Je, umeacha kwenda kibandani?" La, sikuacha. VJ hodari humfungulia mlango mtu asiyejua lugha ya kigeni, na kucheka pamoja na watu mia ni jambo jema. Lakini VJ humwambia mtazamaji lini acheke na nani ni mjinga. Kwa hiyo yafaa picha unayoipenda kibandani uitazame siku nyingine peke yako, ujue kama maoni yako ni yako au ni yake.

Neno la mwisho

Asubuhi ya pili nilimwambia baba mdogo kwamba nimeuona mzigo wa mashuka. Tukazungumza juu ya mwisho wa picha, pale Antonio, amekata tamaa, anapojaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine. Anakamatwa, na Bruno anashuhudia yote. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto akilia, ndipo anamwachilia baba yake.

Baba mdogo akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba zamani, kabla sijaanza shule, baiskeli yake iliibwa sokoni. "Nilisimama kitambo karibu na baiskeli ya mtu," akasema, "halafu nikaenda nyumbani kwa miguu." Nimemjua maisha yangu yote, na jambo hili sikuwahi kulisikia.

Niliwaandikia wale rafiki zangu wanne nikafuta maneno yangu. Wawili wameitazama.

Mazoezi

(a) Tazama picha yoyote kwa dakika kumi bila sauti. Andika mambo matatu uliyoyaona.
(b) Chagua picha uliyosema kwamba ni mbaya. Onyesha mahali palipo pabaya, na sababu yake.
(c) Tazama picha moja pamoja na mzee wa nyumbani kwenu. Mwulize ameona nini, wala usimkatize.

Mwanafunzi wa Zamani