Kausha Mboga Kivulini, Si Juu ya Mabati

Kila baada ya mvua za masika, wagonjwa wangu wenye bustani kubwa nyumbani huniuliza swali moja: je, mboga zilizokaushwa zina faida yoyote mwilini, au ni za kujaza tumbo tu? Kunde, managu, terere na sukuma wiki zimejaa kuliko jamaa inavyoweza kula, na kiangazi kikifika jamaa hiyo hiyo itanunua mafungu sokoni. Jibu langu ni kwamba inategemea mahali zilipoanikwa.

Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, hata kilo kumi hubaki karibu kilo moja yakikauka. Madini kama chuma na kalsiamu hubaki. Vitamini C nyingi hupotea, hata ukijitahidi vipi. Ni heri kuitafuta katika machungwa na mapera. Kinachoweza kuokolewa ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa vitamini hiyo huanza kwa kutoona vizuri magharibi, na anaweza kuwa kipofu. Surua nayo humwelemea zaidi. Ole wake, karotini huharibiwa na mwanga wa jua, na wengi wetu huanika mboga juu ya mabati saa sita mchana!

Chuma majani machanga asubuhi, umande ukishakauka. Ikiwa ulinyunyiza dawa ya kuua wadudu, soma kwenye kibandiko ni siku ngapi zinapaswa kupita kabla ya kuvuna, kwa maana kukausha hakuondoi dawa hiyo. Osha, kisha chovya majani katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hivi, uyaopoe na kuyatia katika maji baridi. Joto hilo huzima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kula vitamini hata baada ya mboga kukauka. Usitie magadi. Yanahifadhi rangi ya kijani, lakini yanamaliza vitamini C kidogo iliyosalia.

Tandaza majani membamba kwenye ungo au wavu ulioinuliwa kutoka chini, kivulini penye upepo, na ufunike kwa chandarua kuzuia nzi. Yageuze mara kwa mara. Yako tayari yakivunjika kama karatasi kavu unapoyasugua. Yakipinda tu, bado yana unyevu, na unyevu huleta kuvu. Mboga iliyoota kuvu itupwe yote, kwa kuwa sumu za kuvu haziondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu zaidi ya 100 nchini, wengi wao Ukambani. Weka mboga kavu katika kopo lenye kifuniko cha kubana, mbali na mwanga. Wakati wa kupika, tia mafuta kidogo. Bila mafuta mwili hauchukui karotini vizuri.

Mwenye friza ana kazi nyepesi: achovye, apoze, akamue maji, agandishe.

Ninaloliogopa hasa ni mtindo wa kuchemsha mboga na kuzifunga katika chupa bila siki. Mbegu za bakteria wa botulinamu hustahimili maji yanayochemka. Kuziua kunahitaji sufuria maalumu ya mvuke inayofikisha joto la nyuzi 121. Ndani ya chupa isiyo na hewa, bakteria hao hutengeneza sumu, na chakula huenda kisinuke wala kubadilika ladha. Mtu akila, huanza kuona vitu viwili viwili, kope hulegea, kumeza kunamshinda, kisha pumzi. Mkimbizeni hospitali mara moja, na mbebe ile chupa.

Tena, anayetumia warfarini ili damu isigande asianze ghafla kula mboga kavu kwa wingi. Kiganja kimoja ni sawa na fungu zima la majani mabichi, na vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Amwone daktari wake kwanza, damu ipimwe.