SOMO: MATATU KUUKUU KUWA GARI LA KAZI NA LA KULALA



Akina mama wa omena hapa Luanda Kotieno wanaijua taabu ya soko la mbali. Gunia linafika jioni, wanunuzi wanakuja alfajiri, na mwenye gunia analala barazani mwa duka huku mkono mmoja uko juu ya mali yake. Kwa hiyo tunaulizwa: je, matatu iliyochoka kubeba abiria inaweza kugeuzwa ikawa mahali pa kulala? Inaweza. Lakini ibaki gari la kazi mchana, na isihatarishe maisha ya mtu usiku. Hayo mawili ndiyo somo letu.

1. Wazo si geni

Huko Ujerumani, kampuni ya Westfalia ilianza mwaka 1951 kutengeneza sanduku la kuwekwa ndani ya gari dogo la Volkswagen. Mwenye gari alifanya kazi yake siku zote, na akitaka kusafiri alitia sanduku lile, akapata kitanda na kabati. Baadaye alilitoa, gari likarudi kazini. Hilo ndilo la kuiga: msijenge kitu cha kudumu. Vitanda vishikwe kwa bolti na nati, visichomelewe, ili watu wawili waweze kuvitoa kupitia mlango wa nyuma.

2. Kabla ya kununua

Msidanganywe na rangi. Ng'oeni zulia mwangalie sakafu, hasa karibu na ngazi ya mlango ambapo maji ya viatu huozesha bati. Fundi alale chini atazame chesisi. Hakikisheni kwa NTSA kwamba logibuku ni ya huyo anayeuza na kwamba gari halidaiwi na benki. Pesa zitoke baada ya hayo, si kabla.

3. Vipimo vya kitanda

Ndani ya gari kama Toyota Hiace upana ni karibu mita 1.5 tu. Mtu mzima akilala kwa upana atakunja magoti mpaka asubuhi. Basi laleni kwa urefu.

- Acheni safu moja ya viti nyuma ya dereva, pamoja na mikanda yake. Gari likitembea, watu wakae hapo na mbele tu. Hakuna mtu kusafiri juu ya kitanda.
- Nyuma ya safu hiyo tengenezeni benchi mbili za plaiwudi, moja kila upande, kila moja upana wa sentimita 55. Katikati itabaki njia ya sentimita 40.
- Usiku mbao zinalazwa juu ya njia hiyo, na kitanda kinakuwa sentimita 150 kamili. Watu wawili wanalala vizuri, watatu kwa kubanana.
- Chini ya benchi ni stoo. Mchana mbao zikiondolewa, magunia yanakaa katikati. Yafungeni kwa kamba.

Kila gari lina vipimo vyake, kwa hiyo pimeni la kwenu wenyewe kabla fundi hajakata plaiwudi. Mafundi wa jua kali wa Kibuye kule Kisumu wanaweza kazi hii. Mnaona magari ya watalii yenye paa la kuinuka? Msilitamani. Kukata paa ni gharama, na likikatwa vibaya mvua inaingia.

4. Uzito

Abiria 14 wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 910. Gari lilizoea mzigo huo, msiupite. Hesabuni watu, vitanda, magunia na maji pamoja. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo mitungi mitano ni kilo 100. Vitu vizito vikae chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, si juu ya paa.

5. Taa na simu

Msitumie betri ya kuwashia gari, asubuhi halitawaka. Nunueni betri ya pili, paneli ya sola na kidhibiti chake. Hesabu ni rahisi. Taa 2 za wati 5 zikiwaka saa 5 ni wati-saa 50. Simu 6, kila moja wati-saa 15, ni 90. Jumla ni 140. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Betri ya kawaida ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 300. Basi inawatosha. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa sababu waya ukigusana unaweza kuwasha moto.

6. Hewa, mbu na jiko

Hapa tunaomba msome polepole. Jiko la makaa lisiingie garini kamwe, hata usiku wa baridi, hata mvua ikinyesha. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanadanganya watu. Yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha analala asiamke. Kufungua dirisha kidogo si kinga. Pikeni nje, na jiko liachwe nje mpaka lipoe kabisa.

Madirisha mawili yanayoelekeana yabaki wazi usiku kucha, yakiwa na wavu wa mbu uliobanwa vizuri. Ufuo wetu una malaria, na gari lisilo na wavu ni karamu ya mbu.

7. Kwenye feri

Wengi wenu mtavuka kwenda Mbita. Breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, na watu wote washuke garini. Asiachwe mtu kitandani ati amechoka. Septemba 2019, kule Likoni, Mombasa, gari liliteleza kutoka kwenye feri likazama, na watu wawili waliokuwa ndani walikufa.

8. Sheria na pesa

Gari likiacha kubeba abiria wa kulipa, nendeni NTSA mwulize juu ya ukaguzi na mabadiliko ya logibuku. Ule mstari wa manjano wa matatu, ulioletwa na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004, uondolewe. Mwelezeni pia mtu wa bima kwamba gari limebadilishwa na watu wanalala ndani. Mkimficha, siku ya ajali anaweza kukataa kulipa.

Andikeni tangu mwanzo gari ni mali ya nani, nani anashika funguo, na kila safari inalipa kiasi gani kwa mfuko wa matengenezo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa mwezi mmoja tunalala nje siku ngapi? Je, kukodi chumba sokoni si rahisi kuliko kununua gari?
2. Ni nani kati yetu atakagua kila jioni kwamba jiko liko nje na madirisha yako wazi?
3. Gari likiharibika mbali na nyumbani, pesa za fundi zitatoka wapi?

Kama swali la kwanza linaonyesha kwamba chumba ni nafuu, kodini chumba. Kikundi kilichopiga hesabu kikaacha kununua kimefanya kazi nzuri vilevile.