Usimfiche Daktari wa Jeshi: Elimu kwa Wenye Umri Mkubwa Wanaoomba Kazi za Ndani ya Ndege Nchini Kanada

Tangu Novemba 2022, Jeshi la Kanada linapokea maombi ya wakaazi wa kudumu na si ya raia peke yao. Habari hiyo ilipoenea katika jumuiya za Waswahili wa Toronto, Edmonton, Calgary na Ottawa, vijana hawakuja peke yao kuulizia. Walikuja pia mafundi magari, wauguzi, madereva wa malori, watu wenye watoto wanaosoma sekondari, na wengi wao walitaka kazi za ndani ya ndege. Tuliwapokea wote ofisini kwetu. Tunajivunia kwamba hatujamrudisha mlangoni hata mmoja kwa kumwambia kuwa muda wake umepita.

Kisha yakaanza malalamiko. Mtu anasema faili lake limekwama miezi kadhaa, mwingine kwamba ameitwa mara tatu kueleza jambo lilelile, mwingine kwamba amekataliwa kwa sababu ya umri. Hatusemi kwamba ofisi za serikali hazikosei. Lakini tulipokaa na walalamikaji na kupitia karatasi zao moja baada ya nyingine, tuliona kasoro ileile ikijirudia: sehemu ya historia ya afya ilijazwa nusunusu, au ilijazwa uongo. Ndiyo sababu ya kijitabu hiki, na onyo lake ni moja. Usimfiche daktari wa jeshi ugonjwa wako, dawa zako wala upasuaji wako. Utaliona onyo hili mara nyingi humu, na tumekusudia iwe hivyo.

Kazi zenyewe

Wengi wakisikia ndege za jeshi humfikiria rubani tu. Rubani ni mmoja kati ya wengi. Yupo mwendeshaji wa mitambo ya utambuzi, ambaye hukaa mbele ya skrini za rada na vipaza vya sauti za chini ya maji akitafuta nyambizi, meli zinazovua kinyume cha sheria au watu waliopotea baharini. Hufanya kazi katika ndege ya Aurora na katika helikopta ya Cyclone, na mafunzo yake ya fani hutolewa Winnipeg. Yupo mhandisi wa ndege, yupo msimamizi wa mizigo, na wapo waokoaji wanaoruka kwa mwavuli kumfuata majeruhi mahali pasipo na barabara.

Aurora hukaa angani saa 10 na zaidi, mara nyingi chini kabisa juu ya Bahari ya Atlantiki. Humo ndani hakuna zahanati. Mmoja akianguka, wenzake huacha kazi iliyowapeleka na kugeuza ndege, na nchi kavu huenda iko mbali kwa saa kadhaa. Kumbuka hilo unapoisoma fomu ya afya.

Nani anaweza kuomba

Uwe raia au mkaazi wa kudumu. Uwe na kiwango cha elimu kinachotakiwa na fani unayoomba, na ujue Kiingereza au Kifaransa. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na maombi hupokelewa mpaka miaka 57, mradi uweze kumaliza mafunzo na mkataba wa kwanza kabla ya kufika 60. Kila fani ina masharti yake zaidi. Yaulize katika kituo cha uandikishaji. Kipimo cha nguvu za mwili hakina daraja la wazee: mwenye miaka 20 na mwenye miaka 50, mwanamume na mwanamke, wote hunyanyua mfuko wa mchanga wa kilo 20 mara 30 ndani ya dakika tatu na nusu, na hilo ni moja kati ya majaribio manne. Anza mazoezi leo.

Kwa nini anga haina huruma

Sasa tufike penye shida. Ndugu zetu wengi husema, "Mimi mzima, nafanya kazi saa 12 ghalani, presha kidogo itanizuia nini?" Huyo anapima afya yake kwa kazi za ardhini.

Ukipanda futi 18,000, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa usawa wa bahari. Ndani ya mwili wako kuna hewa: masikioni, puani, nyuma ya paji la uso, tumboni, hata chini ya jino lililozibwa vibaya. Hewa hiyo hutanuka, kama pakiti ya krispi inavyofura ndani ya ndege. Jino usilolisikia ukiwa Edmonton linaweza kukutoa machozi huko juu. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, akapona lakini akabaki na uwazi wenye hewa kwenye pafu, anaweza kupasukwa na pafu.

Halafu ipo oksijeni. Katika futi 25,000 bila barakoa, mtu mzima mwenye afya njema hubaki na dakika 3 mpaka 5 za akili timamu. Ubaya wake ni kwamba hasikii maumivu. Hujiona yuko sawa, pengine hata mchangamfu, huku mikono ikishindwa kufunga mshipi. Agosti 14, 2005, ndege ya abiria ya Helios iliruka juu ya Ugiriki huku rubani na msaidizi wake wamezirai kwa kukosa oksijeni, mpaka mafuta yakaisha. Walikufa watu 121. Hao walipimwa na walikuwa na vibali vyote. Mwenye damu pungufu, au mwenye mapafu yaliyochoka kwa sigara za miaka 20, huanza na dakika chache kuliko hizo.

Kwa watu wetu lipo jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya, nalo ni selimundu. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kuugua, na wengi hawajui kwamba wanayo. Katika hewa nyembamba ya juu, chembe zake za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa ya bandama. Ikiwa katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye selimundu, sema. Kama hujawahi kupimwa, pima. Kuwa nayo na kukataliwa ni mambo mawili tofauti, na anayeamua ni daktari, wala si wewe usiku ukijaza fomu.

Mambo mengine ambayo umri huyaleta na watu huyaficha ni haya: presha, sukari, mawe ya figo, kukoroma kunakokatiza pumzi, masikio yaliyochoshwa na mashine za kiwandani, macho yaliyofanyiwa upasuaji wa mwanga, mgongo, kipandauso, na dawa za usingizi au za huzuni. Jiwe la figo huuma ghafla kiasi cha kumlaza chini mtu mwenye nguvu zake. Vidonge vya mafua vinavyouzwa bila cheti huleta usingizi. Mitishamba uliyotumiwa kutoka nyumbani nayo ni dawa. Itaje kwa jina, na kama hulijui jina peleka pakiti yenyewe. Usimfiche daktari wa jeshi.

Kuhusu maradhi ya akili tutasema waziwazi, kwa kuwa aibu imetuua vya kutosha. Waliokimbia vita Kivu au Burundi, wakapata ushauri wa daktari na kupona, hawana sababu ya kuinamisha uso. Hatari haiko katika kutibiwa, iko katika kuficha. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alpi nchini Ufaransa, wakafa watu 150 pamoja naye. Uchunguzi ulionyesha kwamba madaktari walikuwa wamempa vyeti vya kutokwenda kazini, naye akamficha mwajiri wake.

Maneno ya mitaani

Wanaambiana kwamba ukitaja ugonjwa, idara ya uhamiaji itakufutia ukaazi. Si kweli. Ukaazi wa kudumu haufutwi kwa sababu mtu ana sukari au presha. Hupotea kwa mambo mengine, kwa mfano kutotimiza siku 730 za kukaa Kanada ndani ya miaka 5.

Wanasema pia kwamba jeshi halitajua. Litajua. Maombi yako hayaishii katika kipimo kimoja. Unaanza na maswali, macho, rangi na masikio. Anayeomba kazi ya ndani ya ndege hupimwa tena na madaktari wa tiba ya anga. Na akishaanza kuruka hupimwa katika utumishi wake wote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Jeshini karatasi humuumbua mapema zaidi. Kutoa jibu la uongo kwa makusudi wakati wa kujiandikisha ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo. Ugonjwa uliotajwa huenda ukakunyima fani moja na kukuachia nyingine. Uongo hukunyima zote.

Na wapo madalali. Wanajitangaza katika makundi ya simu kwamba "watasafisha" fomu yako kwa malipo. Usiwape pesa, usiwape jina lako, usiwape nenosiri. Tumekwisha kuwaonya watu wetu makanisani na misikitini, na tutaendelea.

Tangu 2024 jeshi limelegeza baadhi ya masharti ya afya kwa waombaji wa kawaida. Pumu na mzio, kwa mfano, havikufungii mlango moja kwa moja kama zamani; kila mtu hutazamwa peke yake. Waruka angani bado wana masharti makali zaidi. Lakini anayenufaika na ulegevu huo ni yule tu aliyeeleza hali yake.

Tarehe ya kuzaliwa na miaka ya kambini

Wengi waliopitia Nyarugusu, Kakuma au Dadaab wameandikiwa Januari mosi kuwa siku yao ya kuzaliwa. Iache ilivyo katika hati zako za Kanada. Usijipunguzie umri ili ufae. Karatasi mbili zenye umri tofauti zitachelewesha uchunguzi wa usalama kuliko miaka yako halisi. Andika kila nchi na kila kambi uliyoishi, hata kama ulikaa muda mfupi. Kazi nyingi za ndani ya ndege zinahusu siri za ulinzi, na aliyeishi nchi nne hungoja zaidi ya aliyezaliwa Halifax. Huo ndio utaratibu. Usiache kazi uliyonayo mpaka upate barua rasmi ya kupokelewa, uisome na kuitia saini.

Kabla ya kujaza

Nenda kwa daktari wako wa familia. Mwambie unaomba kazi ya ndani ya ndege, siyo kazi ya jeshi tu, kisha umwombe nakala ya rekodi zako: vipimo vya presha kwa tarehe, dawa kwa majina na vipimo vyake, upasuaji wa aina yoyote, chanjo, na matibabu ya kifua kikuu kama yalikuwapo. Matibabu uliyopata Afrika yasiyo na karatasi yaandike mwenyewe: mwaka, mji, hospitali, na ulichoambiwa. Mama au shangazi akikumbuka jambo la utotoni, mpigie umuulize.

Fomu hailipiwi, wala uchunguzi wa afya wa jeshi haulipiwi. Mtu yeyote akikudai hata dola moja kwa ajili ya hayo, toa taarifa polisi, kisha uje ofisini kwetu na karatasi zako zote. Tutakaa nawe mpaka swali la mwisho.