Waya Mmoja Baina ya Swichi Mbili

SWALI: Ofisi yetu ina swichi mbili zenye kuratibiwa, moja kila orofa. Nimefanya VLAN 10 ya wahasibu na VLAN 30 ya wageni, lakini mhasibu wa juu haipati printa ya wahasibu iliyoko chini. Kasoro ni nini?

JIBU: Kwa dhana yangu ila haimo katika mgawanyo wako, ambao ni mzuri, bali katika ule waya uunganishao swichi hizo, ambao yamkini poti zake zingali katika VLAN 1 kama zilivyotoka kiwandani, hata fremu za wahasibu zifikapo hapo zikakosa njia. Poti ya kompyuta yataka VLAN moja, bila tagi. Lakini poti mbili za waya huo sharti zichukue VLAN 10 na 30 kwa tagi, kwa mujibu wa kanuni ya 802.1Q, itiayo katika kila fremu baiti 4 zenye namba ya VLAN yake, ili swichi ya pili itambue fremu ni ya nani.

Tazama pia PVID, yaani namba ya VLAN ambayo poti huipa fremu iingiayo bila tagi, maana katika swichi nyingi za bei nafuu kuiandikisha poti katika VLAN 10 hakutoshi: PVID ikisalia 1, fremu za mhasibu huingia VLAN 1, nawe utahangaika kutwa ukilaumu waya.

Ama kuwazuia wageni wasiwafikie wahasibu, ikiwa ruta yaziunganisha VLAN hizo, ni amri ya ruta hiyo. Na tafadhali, anza kurekebisha swichi iliyo mbali nawe, usije ukajikatia njia ya kuifikia.