Kifaa Kimfuate Mtu: Teknolojia Saidizi kwa Kijana Anayemaliza Shule

Mwanafunzi mwenye ulemavu anapohitimu kidato cha nne, hurudi nyumbani kusubiri cheti chake, lakini mara nyingi kifaa kilichomwezesha kusoma hubaki shuleni. Mashine ya kuandikia nukta nundu, lenzi ya kukuza maandishi au kompyuta inayosoma kwa sauti ni mali ya shule, na hukabidhiwa mwanafunzi mwingine. Ulemavu wa kijana haujaongezeka, ila uwezo wake umepungua kwa siku moja. Somo hili linaeleza namna wahudumu wa afya, familia na kijana mwenyewe wanavyoweza kuzuia upungufu huo.

Maana ya teknolojia saidizi

Teknolojia saidizi ni vifaa pamoja na huduma zinazoviwezesha vifaa hivyo kumfaa mtumiaji: upimaji, urekebishaji, mafunzo na ufuatiliaji. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa 50 vya kipaumbele, vikiwemo viti mwendo, shimesikio, fimbo nyeupe, miwani na viungo bandia. Ripoti ya shirika hilo na UNICEF ya mwaka 2022 ilionesha kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji.

Kwa nini mahitaji hubadilika

Mwili wa kijana hukua. Kiti mwendo alichopimiwa akiwa na miaka 12 huwa chembamba afikapo miaka 18. Kiti kisichomtosha hubana nyonga, hupindisha mgongo na kusababisha vidonda vya mgandamizo. Hatari ni kubwa zaidi kwa kijana asiyehisi maumivu sehemu za chini, kama vile aliyezaliwa na mgongo wazi au aliyeumia uti wa mgongo, kwa kuwa kidonda huweza kufika mfupani kabla hajakitambua.

Mazingira nayo hubadilika. Sakafu ya darasa ni saruji, ilhali njia ya kwenda sokoni ina mchanga, matope na mawe. Kiti chenye gurudumu moja mbele, lililo mbali na yale ya nyuma, hupita vizuri zaidi katika njia mbovu, ingawa hugeuka kwa shida katika chumba chembamba. Ni busara kuchagua kiti ambacho matairi yake hupatikana kwa fundi baiskeli wa mtaani.

Kwa kijana mwenye uoni hafifu, darubini ndogo ya kusomea ubao haina kazi kubwa baada ya shule. Sasa anahitaji lenzi ya mkononi ya kusomea mkataba, risiti au maelezo ya dawa. Kwa asiyeona, mashine ya nukta nundu yenye uzito wa karibu kilo 5 ni vigumu kuibeba kila siku. Simu janja nyingi zina programu ya kusoma skrini kwa sauti inayowashwa kwenye mipangilio bila malipo. Hata hivyo, asiache nukta nundu, maana ndiyo njia yake ya kusoma na kuandika pale simu inapoishiwa chaji.

Kwa mwenye usikivu hafifu, shuleni mwalimu ndiye aliyekumbuka betri na usafi wa shimesikio. Kijana lazima ajifunze kubadili betri, kusafisha sehemu inayoingia sikioni na kukikinga kifaa dhidi ya jasho na mvua.

Hatua za maandalizi

Maandalizi yaanze angalau miaka 2 kabla ya kuhitimu, yaani kidato cha tatu au mapema zaidi.

1. Mpime upya. Vipimo vya utotoni visitumike kuagizia kifaa cha mtu mzima.
2. Uliza kuhusu siku yake: atalala wapi, atatumia choo gani, atasafiri kwa nini, na anatarajia kufanya kazi gani. Kifaa kichaguliwe kulingana na majibu hayo.
3. Zungumza na kijana mwenyewe. Mzazi aliyezoea kujibu kwa niaba yake aombwe kumpisha kwa sehemu ya mazungumzo, hasa kuhusu haja ndogo, hedhi, uzazi na hofu zake. Kwa kijana kiziwi, atafutwe mkalimani wa lugha ya alama asiye ndugu.
4. Mfundishe utunzaji: kukagua ngozi kila siku kwa kioo, kujiinua kitini mara kwa mara, kujaza upepo na kukaza skrubu.
5. Mpe nakala ya taarifa zake: utambuzi wa ugonjwa, vipimo, aina ya kifaa na kliniki ya watu wazima itakayompokea.

Haki na gharama

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Aidha, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa kundi hilo. Mhudumu wa afya anayeandika barua inayoeleza wazi kijana anaweza kufanya nini akiwa na kifaa chake, humsaidia kuliko anayeorodhesha yale asiyoyaweza.

Shule inapokabidhiwa kifaa na mfadhili, swali la kwanza liwe: mwanafunzi akihitimu, ataondoka nacho? Ikiwa jibu ni hapana, utafutaji wa kifaa chake mwenyewe uanze siku hiyo hiyo, si siku ya mahafali.