Likizo ya Ufini: chagua mwezi kwanza, tiketi baadaye

Ukiwa na hamu ya kwenda kutalii nchi za mbali za kaskazini, huenda swali lako la kwanza ni bei ya tiketi. Nakushauri uanze na kalenda. Nchini Ufini, ambayo iko kati ya Uswidi na Urusi, mwezi utakaouchagua ndio utakaoamua utaona nini, utavaa nini na fedha zako zitakwenda wapi. Aliyekwenda Juni na aliyekwenda Januari wakikaa kusimuliana, utadhani walitembelea nchi mbili.

Sababu yenyewe ni jua. Dunia imeinama kwenye mhimili wake. Sisi wa karibu na ikweta hatuhisi sana kuinama huko, maana mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. Kule kaskazini mambo ni mengine. Utsjoki, wilaya ya mwisho kabisa juu ya Ufini, jua halizami tangu katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai. Likishatua mwishoni mwa Novemba, halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Mji wa Rovaniemi, makao makuu ya jimbo la Lapland, hupata mchana wa muda wa saa mbili na kidogo tu Desemba. Helsinki, mji mkuu ulioko kusini, hupata karibu saa sita. Hata hivyo, usiogope kwamba utapapasa gizani siku nzima: jua likiwa chini tu ya upeo wa macho, anga huwa ya samawati kwa muda mrefu, na theluji huirudisha nuru hiyo.

Basi uende lini? Kwa mtu anayetoka Afrika Mashariki na anataka theluji, mimi ningemwambia Machi. Theluji ya Lapland huwa na kina kirefu wakati huo, mchana umeshafika muda wa saa 12 kama wa kwetu, usiku bado ni mweusi wa kutosha kuona mianga ya angani, na baridi imepungua makali. Bei nazo huwa nafuu kuliko za Desemba, mwezi ambao familia za Ulaya hujazana Rovaniemi kumtembelea Baba Krismasi. Kama fedha ni za kubana, chagua mwanzo wa Septemba. Hapo hakuna theluji, lakini misitu na vilima vyote hugeuka rangi ya dhahabu na nyekundu, mbu wameisha, usiku umerudi, na huhitaji makoti mazito ya kukodi. Juni na Julai ni miezi mizuri kwa anayetaka kuona jua la saa sita usiku, kuogelea ziwani na kutembea Helsinki. Ila Lapland wakati huo ina mbu wengi mno, wa kuuma tu na si wa malaria, kwa hiyo beba dawa ya kujipaka. Epuka pia wikiendi ya sikukuu yao ya katikati ya majira ya joto, ambayo Jumamosi yake huangukia kati ya tarehe 20 na 26 Juni. Wenyeji wengi wa mijini hukimbilia nyumba zao za ziwani, na maduka mengi hufungwa.

Mianga hiyo ya angani ndiyo inayowavuta wageni wengi, hivyo ielewe kabla ya kuilipia. Jua hutoa chembechembe zenye umeme. Zikifika duniani, nguvu ya sumaku ya dunia huzielekeza karibu na ncha, na huko hugongana na hewa iliyo juu sana, umbali wa kilomita 100 na zaidi. Hewa ya oksijeni ikigongwa hutoa ule mwanga wa kijani unaoonekana kama pazia linalopeperuka. Kwa hiyo, zaidi ya chembechembe hizo, unahitaji vitu viwili: giza na anga isiyo na mawingu. Msimu wake ni kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Aprili. Hakuna mtu anayeweza kukuahidi kwamba utaiona usiku fulani, kwa hiyo lala Lapland angalau siku nne badala ya kuweka matumaini yote kwenye usiku mmoja.

Ukishaamua mwezi, shughulikia viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Omani anahitaji viza ya Schengen, kibali cha muda mfupi kinachokuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180 katika nchi 29 za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kituo kinachopokea fomu kwa niaba ya ubalozi huongeza ada yake ya huduma. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ingawa linaweza kufika 45. Usisubiri ukingoni: miezi mitatu kabla ni muda mzuri. Kituo cha maombi cha nchi yako kimetajwa kwenye tovuti ya ubalozi wa Ufini, na utakwenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole.

Watakuuliza nini? Pasipoti yenye uhai wa miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi na isiyozidi miaka 10 tangu itolewe, picha, oda ya ndege na ya malazi, taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Wanachotaka kujua hasa ni kama unaweza kujilipia na kama una sababu ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo barua ya kazi inayosema umepewa likizo ya tarehe fulani, hati ya shamba, cheti cha ndoa, vyote vina uzito. Usiingize fedha nyingi za kuazima kwenye akaunti wiki moja kabla. Wanaona miamala yote. Usinunue tiketi isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka, maana oda tu inatosha kwa maombi. Na mtu akikuambia ana mjomba ubalozini atakayekupitishia viza kwa malipo ya pembeni, mwache. Ukinyimwa, ada hairudi, lakini utapewa sababu kwa maandishi na una haki ya kukata rufaa.

Kama unaishi Ujerumani, Uswidi au nchi nyingine ya Schengen na una kibali cha ukaazi, huhitaji viza nyingine; chukua pasipoti na kibali chako uende. Aliyeko Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki bado anaihitaji.

Kutoka Dar es Salaam au Nairobi utabadilisha ndege njiani, mara nyingi Istanbul, Doha au Amsterdam. Ukifika Helsinki, treni ya kwenda katikati ya mji inatumia karibu nusu saa na tiketi haifiki euro 6. Majira ya joto saa yao ni sawa kabisa na ya Afrika Mashariki; majira ya baridi wao wako nyuma kwa saa moja, kwa hiyo mwili hausumbuki na usingizi.

Kwenda Lapland, panda treni ya usiku. Inaondoka Helsinki jioni na kufika Rovaniemi asubuhi, safari ya kilomita zaidi ya 800. Unaweza kununua kiti tu, au kichumba chenye vitanda viwili. Vingine vina bafu ndani yake. Kichumba hugharimu zaidi, lakini kinakuokolea malipo ya hoteli ya usiku huo. Tiketi za mapema ni rahisi kuliko za dakika za mwisho, hivyo nunua kwenye tovuti ya shirika la reli, VR, mara viza itakapotoka. Kutoka Rovaniemi kuna mabasi ya kwenda Inari, kilomita zaidi ya 300 kaskazini, kijiji chenye jumba la makumbusho la Siida linaloeleza maisha ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko wafugao reinidia, mnyama wa jamii ya kulungu. Binafsi naona Inari ina thamani kuliko siku ya tatu ya kuzungukazunguka Rovaniemi.

Sasa gharama. Euro moja ni kama shilingi 150 za Kenya, na kwa Tanzania inakaribia 3,000. Angalia kiwango cha siku hiyo. Kitanda katika chumba cha pamoja hosteli ni euro 30 hadi 50 kwa usiku, na Lapland msimu wa theluji hupanda. Migahawa mingi siku za kazi hutoa chakula cha mchana cha kujipakulia, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, kwa euro 12 hadi 15, na humo mna saladi, mkate na kahawa. Kula hapo ushibe, jioni pika hostelini. Maji ya bomba ni salama na matamu, usinunue ya chupa. Kinachokula fedha ni matembezi yenye kiongozi: kuvutwa na mbwa kwenye kigari cha theluji kwa muda wa saa mbili hivi kunaweza kufika euro 150 na kupita. Chagua moja tu. Kwa wiki nzima bila nauli ya ndege, mtu mmoja anayejibana vizuri atenge euro 900 hadi 1,200.

Tena kuna mengi ya bure. Ufini ina hifadhi za taifa zaidi ya 40 na hakuna hata moja inayotoza kiingilio. Sheria na desturi zao zinamruhusu kila mtu, hata mgeni, kutembea msituni, kuchuma matunda ya porini na uyoga, na kupiga hema kwa muda mfupi mbali na nyumba za watu. Ndani ya hifadhi kuna njia zilizowekwa alama na sehemu za kuotea moto zenye kuni tayari. Moto unawashwa hapo tu, tena si wakati wa tahadhari ya moto wa msitu. Mambo haya ya bure ndiyo yanayonifanya nimsukumie Septemba mwenye fedha za kubana.

Nguo ndizo zinazowatia watu hofu. Machi Lapland, usiku kipimo hushuka mara kwa mara hadi nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Januari kinaweza kufika 30 chini. Mavazi ni yale yale ya wapanda Kilimanjaro, na maduka ya Moshi na Arusha huyakodisha. Makoti na sweta za sufu utazikuta pia kwenye masoko ya mitumba ya Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, kwa bei ndogo kuliko ya Helsinki. Vaa matabaka matatu. La kwanza, linalogusa ngozi, liwe la sufu au kitambaa cha michezo. Usivae pamba, kwa sababu hunyonya jasho na jasho likipoa linakugandisha. La pili ni sweta nzito. La tatu ni koti na suruali visivyopitisha upepo. Viatu viwe vikubwa kidogo: ukijaza soksi mpaka mguu ukabana, damu haitembei na vidole ndivyo vitakavyoganda kwanza. Glavu bora ni zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja katika mfuko mmoja. Ukilipia matembezi ya mbwa au ya pikipiki ya theluji, kampuni kwa kawaida hukuazima ovaroli na buti bila malipo ya ziada.

Jipake mafuta mazito usoni na midomoni, maana hewa ni kavu. Mtazamane nyuso na mwenzako kila baada ya muda; kwa ngozi nyeusi, sehemu inayoanza kuganda hupauka kama jivu, hufa ganzi na huwa ngumu. Ukiona hivyo ingieni ndani, upashe joto kwa kiganja, usisugue wala kutia theluji. Simu iweke mfuko wa ndani, maana betri huisha haraka kwenye baridi. Mjini, barafu ya njiani huangusha watu kuliko kitu kingine chochote. Nunua vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya kiatu, havizidi sana euro 20. Namba ya dharura ni 112, na wanaopokea wanajua Kiingereza.

Utaalikwa sauna, chumba cha mbao chenye jiko la mawe yanayomwagiwa maji yatoe mvuke. Oga kwanza, kalia kitaulo chako, na toka wakati wowote ukihisi kizunguzungu. Wanaume na wanawake huingia mbalimbali wakiwa uchi. Usipopenda hivyo, chagua sauna ya mchanganyiko ambako huvaliwa nguo za kuogelea.

Na kama una ndugu huko aliyekuagiza vitu vya nyumbani, ujue forodha hairuhusu nyama, maziwa wala vilivyotengenezwa kwavyo kutoka nje ya Ulaya, samli ikiwemo. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama ndizi, nanasi, nazi na tende.