KURUDI CHUONI BAADA YA UGONJWA WA AKILI

Somo letu la leo linamhusu kijana aliyekatiza masomo ya juu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Amekaa nyumbani mwaka mmoja, mitatu, au hata mitano, na sasa anataka kurudi chuoni. Vijana wa namna hii wapo katika vijiji vyetu vya Karagwe na Kyerwa. Wazazi wao waliuza kahawa na ndizi, pengine na ng'ombe, ili wasome. Kijana alipougua, baadhi ya majirani walisema kuwa kusoma kumemzidi. Wengine walisema amerogwa. Leo amepata nafuu, lakini kila akitaja chuo huambiwa, "Kaa hapa ulime, usije ukaharibika tena."

Je, kijana huyu aweza kurudi? Wengi huweza, lakini hapana budi waandaliwe.

Kusoma hakuleti wazimu

Magonjwa makubwa ya akili huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 15 na 30. Huu ndio umri wa sekondari na chuo. Kwa hiyo watu huona vitabu na ugonjwa vimekuja pamoja, wakadhani kimoja kimezaa kingine. Sivyo. Ugonjwa huu huwapata pia wakulima na wachungaji ambao hawakuingia darasani. Mara nyingi hutokana na mambo kadhaa yaliyokutana: urithi wa ukoo, shida kubwa, uvutaji wa bangi, na mengineyo. Hata hivyo, maisha ya chuoni yaweza kuuamsha. Kukesha usiku, kukosa fedha za chakula, upweke na hofu ya mitihani ni mzigo mzito kwa mtu ambaye tayari ana udhaifu huo.

Mfano wa Kashasha

Katika mkoa wetu wa Kagera upo mfano mmoja unaojulikana duniani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo iliwapata wanafunzi 95 kati ya 159. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi. Waganga walipima, wasione sumu wala kijidudu. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakaugua wanafunzi 57, ikafungwa mara ya pili mwishoni mwa Juni.

Ugonjwa wa Kashasha haukuwa sawa na ule wa kijana wetu. Ulikuwa wa kundi zima, na mgonjwa mmoja mmoja alipona baada ya saa chache hadi siku 16. Lakini unatufundisha kwamba mapumziko peke yake hayatoshi. Mwanafunzi akirudi mahali pale pale, na mzigo ule ule, bila maandalizi, ugonjwa waweza kurudi.

Mfano wa mwanamke aliyerudi

Elyn Saks wa Marekani aliugua skizofrenia. Huu ni ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo ya kweli. Alilazwa hospitali alipokuwa akisoma Oxford, Uingereza. Baadaye aliingia chuo kikuu cha Yale kusomea sheria, akaugua tena muhula wa kwanza, akaondoka. Alirudi, akamaliza mwaka 1986. Leo ni profesa wa sheria. Hakuwa amepona kabisa. Alijifunza kuishi na ugonjwa wake kwa dawa, mazungumzo na mganga, na marafiki waliojua hali yake.

Kijana yuko tayari lini?

Familia, kijana na mganga wakae pamoja na kujiuliza mambo haya:

1. Je, ana miezi kadhaa sasa bila dalili kubwa?
2. Je, analala vizuri usiku?
3. Je, anakumbuka mwenyewe kumeza dawa au kwenda kuchomwa sindano?
4. Je, anaweza kusoma kwa saa moja na kueleza alichosoma?
5. Je, ameacha bangi, mirungi na pombe, pamoja na rubisi?

Kama jibu la swali fulani ni "bado", asikate tamaa. Usikivu na kumbukumbu hurudi polepole. Aanze nyumbani kwa nusu saa kila siku, kisha aongeze. Anaweza pia kuwasaidia wanafunzi wa kisomo cha watu wazima kijijini. Kazi hiyo humzoeza kukaa na watu tena.

Dawa zisiachwe

Hapa ndipo wengi huanguka. Dawa za ugonjwa wa akili zaweza kuleta usingizi, kutetemeka mikono au kukakamaa misuli. Kijana anayesinzia darasani huona dawa ni adui, akaiacha. Wiki za kwanza hujisikia vizuri, akadhani amepona. Ugonjwa hurudi baada ya majuma au miezi, na mara nyingi huwa ni wakati wa mitihani. Dawa ikimsumbua, amweleze mganga. Mganga aweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kumwambia aimeze jioni. Baada ya ugonjwa wa kwanza wa kusikia sauti, dawa huendelea walau mwaka mmoja tangu dalili zilipokwisha. Wengine huzihitaji kwa muda mrefu zaidi.

Kabla ya safari, aombe barua kutoka hospitali anakotibiwa, kwa mfano Nyakahanga au Bukoba. Barua itaje ugonjwa, dawa na kipimo chake. Atakapofika aionyeshe katika hospitali iliyo karibu na chuo, kabla dawa alizobeba hazijaisha.

Barua za chuo

Kuahirisha masomo si sawa na kutoroka. Aliyeandika barua ya kuahirisha, yenye cheti cha mganga, kwa kawaida nafasi yake hutunzwa kwa muda uliowekwa na chuo. Aliyeondoka kimya aweza kuhesabiwa kuwa ameacha, ikambidi aombe upya. Kwa hiyo mzazi, mtoto akiugua, peleka taarifa chuoni mapema. Kama anasoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo nayo ijulishwe. Asiyeweza kuishi mbali na nyumbani auulizie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992. Huko mtu husoma akiwa kwao, akachukua masomo machache kwa wakati mmoja.

Jambo la familia na jirani

Msimwite kichaa, wala msitaje ugonjwa wake kila akikosea. Mchague ndugu mmoja wa kumpigia simu kila juma. Akisikia kuwa kijana halali, anajitenga, anashuku watu, au anasema haraka mno, amwombe aende kwa mganga siku hiyo hiyo. Akisema ni heri afe, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali mara moja.

Kijana akishindwa mara ya kwanza, msiseme fedha zimepotea. Apumzike, atibiwe, ajaribu tena. Elimu haina mwisho, na mlango wake usifungwe kwa sababu ya ugonjwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini watu hudhani kusoma huleta wazimu?
2. Taja mambo matatu ya kufanya kabla kijana hajarudi chuoni.
3. Kwa nini ni hatari kuacha dawa mtu akijisikia vizuri?
4. Kijiji chenu kitafanya nini ili kijana aliyeugua asionewe haya?